Mashine ya Ghorofa ya Tatu

Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Phelister alikuwa akifungua mlango wa chumba chake huko mtaani Kware akiwa na mkate kwapani. Alikuwa akirudi kutoka zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate, na mkate huo ulikuwa mmoja wa ile iliyotoka kwenye tanuri ikiwa imepinda, ambayo wafanyakazi waliruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Binti zake wawili walikuwa wamekula mikate iliyopinda kwa muda mrefu hivi kwamba siku moja walipouziwa mkate ulionyooka, waliukagua pande zote wakidhani una kasoro.

Tiffany, wa gredi ya tatu, alikuwa akimpokea mama yake tayari amevaa sare na kufunga kamba za viatu. Amondi, wa gredi ya sita, alikuwa bado kitandani. Kumwamsha kulihitaji watu wawili na kitambaa kilicholowa maji baridi. Aliamka mdomo ukiwa mkavu, kichwa kikimgonga, na uso kama wa mtu aliyekesha akipakua lori la saruji. Ajabu ni kwamba alikuwa amelala saa tisa nzima.

Shuleni kwao, ng'ambo ya barabara kuu upande wa mtaa wa Tena, usingizi wa Amondi ulikuwa na historia yake. Amewahi kulala akiwa amesimama kwenye foleni ya uji. Amewahi kulala ubaoni akiwa na chaki mkononi, na ule mstari aliokuwa akiuchora ukateremka hadi chini. Wanafunzi wa gredi ya sita wanaapa kwamba uliendelea sakafuni ukatoka mlangoni. Mwalimu Luseno, aliyewafundisha hesabu, alikuwa amemhamisha kutoka nyuma hadi katikati, na kutoka katikati hadi mbele, mpaka dawati likagusa meza yake. Amondi aliendelea kulala, ila sasa alilala karibu zaidi na mwalimu.

Tiffany alijua jambo ambalo wengine hawakulijua, maana walilala kitanda kimoja. Dada yake alikuwa akikoroma. Wala hakukoroma kwa adabu kama watu wengine. Alianza kwa kukwaruza, akapanda, akanguruma, kisha akazima ghafla kabisa, halafu akawaka tena kwa kishindo kama pikipiki yenye plagi mbovu. Ukizitegemea hadithi za Tiffany, glasi zilikuwa zikitembea mezani zenyewe.

Mama yao hakujua. Usiku alikuwa kiwandani, na ule usiku mmoja wa mapumziko alilala kama gogo; tingatinga lingeweza kubomoa jengo la jirani naye asigeuke. Aliyejua ni Tiffany peke yake, na kwa kunyamaza kwake alilipwa kila asubuhi kichwa cha mkate, ile ncha yenye ganda gumu ambayo wote wawili waliipenda.

Amondi alikuwa na sababu ya kulipa. Mwezi wa Desemba uliotangulia alikwenda kambi ya watoto wa kanisa, na usiku wa kwanza wasichana kumi na wawili walichukua blanketi zao wakahamia verandani. Asubuhi walimcheka mpaka uji ukapoa. Siku hiyo aliapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayesikia habari hizo maadamu yu hai.

Lakini alisahau kwamba anaishi Kware, ambako ukuta ni jina tu.

*

Jengo lao lilikuwa na ghorofa saba, na katikati yake palikuwa na shimo la hewa, mraba mwembamba uliotoka chini hadi juu, ambamo mabomba yalipita na madirisha madogo ya vyumba yalichungulia. Dirisha la akina Amondi lilikuwa juu kidogo ya kitanda. Sauti ikiingia kwenye shimo hilo ilipanda, ikanenepa, na ilipofika ghorofa ya nne haikuwa tena sauti ya mtoto.

Mama Shiru wa ghorofa ya nne ndiye aliyelalamika kwanza. Alimwambia Mureithi, msimamizi wa ploti hiyo ya kupangisha, kwamba kuna mtu anaendesha mashine usiku. Mzee Obura, aliyestaafu kazi ya reli, alikubali kwamba hata yeye ameisikia, ila kwake ilifanana na injini ikipanda mlima, na tangu ilipoanza alikuwa akilala vizuri kuliko wakati wowote tangu astaafu. Mureithi hakuandika sehemu hiyo ya pili.

Mureithi aliandika karibu kila kitu. Alikuwa karani wa ghala kwa miaka mingi, na mazoea hayakumwacha. Alikuwa na daftari jeusi lenye jalada gumu, na ndani yake aliandika balbu zilizoungua, maji yaliyofika na yasiyofika, na paka walioingia bila ruhusa. Sasa, katika jengo hilo stima, yaani umeme, ilikuwa ndani ya kodi. Kwa hiyo pale langoni palipakwa rangi sheria kubwa kubwa: koili ya kuchemshia maji hairuhusiwi, na mashine ya aina yoyote hairuhusiwi. Mtu mwenye mashine alikuwa akiwanyonya wenzake wote. Mureithi alibeba kigoda chake, akakaa karibu na shimo la hewa usiku kwa siku tatu mfululizo, akasikiliza na kuandika. Siku ya nne alipanda hadi ghorofa ya tatu akabisha kwa Phelister.

Phelister alikuwa na biashara ndogo ya wikendi. Alinunua njugu, akazikaanga, akazipeleka kwa Jama mwenye kinu karibu na steji ya matatu, na kurudi na ndoo ya siagi ya njugu ya kuuza. Mureithi alipoona gunia la njugu na ndoo mbili za siagi, uso wake ulituama kama wa mtu aliyemaliza hesabu ngumu. Alipekua chini ya kitanda. Aliinua godoro. Alichungulia ndani ya pipa la maji, akafunua hata sufuria ya ugali. Mashine haikuonekana, na jambo hilo lilimhakikishia kwamba imefichwa kwa ustadi.

Phelister alimweleza kuhusu kinu cha Jama, kisha akasema, "Na usiku, Bwana Mureithi, mimi niko kiwandani. Nitasaga saa ngapi?"

"Hilo ndilo linaloniudhi zaidi," Mureithi akajibu polepole. "Kama wewe uko kiwandani, basi nani anasaga?"

Aliwatazama wasichana. Amondi aliinamisha kichwa. Tiffany alimtazama dada yake, kisha akatazama dari.

Mureithi alisema mkutano wa wapangaji utakuwa Jumamosi asubuhi uani. Mashine ikitolewa siku hiyo, atasamehe. Isipotolewa, Phelister atahama mwisho wa mwezi, na yeye atamwandikia mwenye ploti sababu.

*

Kesho yake habari ilifika shuleni kabla ya Amondi, kwa sababu Shiru, mtoto wa Mama Shiru, alitembea haraka. Kufikia mapumziko alikuwa na jina jipya.

"Niaje, Mashine," alisema kijana mmoja aitwaye Bedan, ambaye hakuwahi kupitwa na jambo la kuchekesha. "Jana umesaga gunia ngapi? Ndiyo maana unalala class."

Jina lilimwingia Amondi kama mwiba, hasa kwa kuwa lilikuwa la kweli kwa namna ambayo Bedan hakuijua. Alijiuliza wangesema nini kama wangejua kwamba hakuna njugu wala gunia, na kwamba mashine yenyewe ndiyo iliyokuwa imesimama mbele yao ikinywa uji.

Mwalimu Luseno naye alisikia, na yeye hakucheka. Alimwita kando ya dirisha la ofisi akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna kazi anayofanyishwa nyumbani.

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi usiku unafanya nini?"

"Ninalala."

"Na mchana darasani?"

"Ninalala, Mwalimu."

Mwalimu Luseno alikunja uso. Alisema hatamwadhibu, lakini Jumamosi atakuja Kware ajionee mwenyewe, na akikuta mtoto anasagishwa njugu usiku kucha, atakwenda kwa afisa wa watoto bila kugeuka nyuma.

Ijumaa asubuhi Phelister hakurudi na mkate peke yake. Alikuja na maboksi matupu ya kiwandani, akayapanga kando ya mlango. Amondi alimuuliza ni ya nini. Mama yake alisema Mureithi ni mtu wa neno lake, na mashine isiyokuwepo haiwezi kutolewa. Mwisho wa mwezi wangehamia kwa dada yake mtaani Kayole, watu saba katika chumba kimoja, na shule watatafuta huko huko. Alisema hayo akikunja mapazia, kwa sauti ile ile aliyotumia kuulizia chumvi, na ndiyo iliyomwumiza Amondi.

Jumamosi, Amondi alikata kichwa cha mkate akampa Tiffany kama kawaida. Tiffany alikipokea. Kisha alikirudisha kwenye sahani ya dada yake, akaenda kukaa juu ya boksi.

Amondi alikiacha pale pale sahanini.

*

Uani palikuwa na watu kama arobaini, na nguo zilizoanikwa ziliwagawa makundi makundi. Mama Shiru alisimama mbele. Mzee Obura alikuja na kiti chake. Mwalimu Luseno alisimama karibu na lango, mikono nyuma. Mureithi alifungua daftari jeusi, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya karani.

"Jumapili, saa saba na dakika kumi usiku. Imewaka. Imenguruma dakika nne. Imezima. Nimehesabu hadi kumi na mbili. Imewaka tena kwa kishindo. Saa saba na dakika kumi na tisa. Imezima. Nimehesabu hadi kumi na nne. Imewaka."

Alisoma kurasa tatu namna hiyo. Watu walitikisa vichwa. Mtu mmoja alisema hiyo ni mashine kuukuu, imepata joto ndiyo maana inazimazima, na mwingine akasema mkanda wake umelegea. Phelister alisimama katikati, mikono kifuani, akiangalia chini. Mureithi alifunga daftari akamuuliza kwa mara ya mwisho mashine iko wapi.

"Mashine ni mimi," Amondi akasema.

Hakuwa amepanga kusema kwa sauti kubwa, lakini uani palikuwa kimya, na maneno yakafika hadi kwenye lango. Alieleza kwa haraka, kabla ujasiri haujamtoka. Yeye hukoroma. Hukoroma sana. Hata kambini walihama. Mama hakujua, na hakuna njugu iliyosagwa usiku.

Kisha kicheko kilianza kwa wale waliosimama nyuma ya mashuka, kikasambaa mpaka Mzee Obura akashika meno yake ya bandia. Mama Shiru alisema mtoto anamtetea mama yake, na hilo ni jambo zuri, lakini yeye ana masikio. Kile alichokisikia hakiwezi kutoka katika kifua cha mtoto wa kilo thelathini.

Mureithi hakucheka. Aligonga daftari kwa kalamu akifikiri. Akasema jambo likidaiwa hukaguliwa. Amondi aende chumbani, alale, na wao wapande ghorofa ya nne wasikilize.

Phelister aliuliza ni mtoto gani atalala saa nne asubuhi, jua likiwaka, jengo zima likimngoja.

"Huyu atalala," Mwalimu Luseno akasema kutoka langoni.

*

Yaliyofuata Amondi hakuyasikia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiyafanya. Aliyapata baadaye kutoka kwa Tiffany, ambaye huongeza chumvi, lakini safari hii kila mtu jengoni anasema hakuongeza.

Alijilaza huku akiwa na hakika kwamba aibu itamnyima usingizi. Dakika tano hazikuisha. Juu, watu walikuwa wamejaa kwenye korido ya ghorofa ya nne, wengine wameinama kwenye dirisha la shimo la hewa kama wanaochungulia kisima. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo. Kisha mngurumo ukapanda kupitia lile shimo, ukanenepa, ukatoka dirishani, na yule mtu wa mkanda uliolegea akavua kofia.

"Ndiyo hiyo," Mama Shiru alisema. "Ndiyo yenyewe."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Obura alisema injini hiyo inapanda kutoka Naivasha, na ina mabehewa yasiyopungua ishirini. Phelister naye alianza kucheka, kwa sababu wiki nzima ilikuwa imemkaa kifuani na sasa imetoka.

Hapo ndipo mngurumo ulipozima.

Mureithi, kwa mazoea tu, akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Watu waliendelea kucheka. Nne. Tano. Sita. Alipofika nane, kicheko kilikuwa kimepungua. Alipofika kumi, hakuna aliyecheka, maana wote kwa pamoja walikuwa wamekumbuka kwamba kilichozima si mashine. Kumi na moja. Kumi na mbili. Mureithi aliendelea kuhesabu, lakini sauti yake haikuwa tena ya karani.

Phelister alishuka ngazi akiruka tatu tatu. Alipoingia chumbani alimkuta Tiffany, aliyetangulia kushuka, tayari kando ya kitanda. Tiffany alikuwa ameweka mkono begani kwa dada yake, akamtikisa mara mbili bila haraka, kama mtu anayewasha taa ya chumba anachokijua. Amondi alivuta pumzi kwa kishindo, akageuka upande, akaendelea kulala.

"Umefanya hivyo mara ngapi?" Phelister akauliza.

"Kila usiku," Tiffany akasema. "Nikisikia amenyamaza sana, ninamtikisa. Saa nyingine hurudi mwenyewe."

Phelister aliketi chini, mgongo ukiegemea maboksi. Wapangaji waliofika mlangoni walirudi mmoja mmoja.

*

Mureithi hakuwahi kumpa mtu daftari lake. Siku hiyo alilitoa, akaandika ndani yake kwamba amelitoa, kwa nani na saa ngapi, kisha akamkabidhi Phelister alipeleke hospitali.

Katika kituo cha afya walipewa barua ya kwenda hospitali kubwa. Daktari wa masikio, pua na koo alimmulika Amondi akakuta nyama za nyuma ya pua zimevimba kidogo, akampa dawa ya kupuliza puani. Halafu alilazwa usiku mmoja akiwa na nyaya kichwani na kifuani, ili usingizi wake upimwe. Majibu yalipotoka, kilichosemwa na mashine za hospitali kilikuwa kile kile kilichosemwa na kalamu ya Mureithi: usiku, mara nyingi, pumzi yake ilikuwa ikikatika.

Dawa ilisaidia kidogo tu. Ndipo wakapelekwa kwa Daktari Habibo, ambaye kazi yake ni kupanga meno na kurekebisha mataya. Phelister alishangaa. Alisema mtoto wake haumwi jino.

Daktari Habibo alimwambia Amondi afungue mdomo, akampa mama yake kioo kidogo atazame pamoja naye. Alimwonyesha taya la juu lilivyokuwa jembamba, meno yamebanana kama watu kwenye benchi fupi, na kaakaa limepanda juu kama paa la kanisa. Juu ya paa hilo, alisema, ndiko kuna njia ya pua. Paa likipanda na kubana, njia ya pua nayo hukosa nafasi. Mtoto huzoea kupumua kwa mdomo, mchana na usiku, na akilala misuli ikilegea, njia ya hewa hujifunga. Ubongo huhangaika kumwamsha kidogo ili avute pumzi. Hajui kwamba ameamka. Lakini akiamshwa hivyo mara mia usiku mmoja, asubuhi huamka amechoka kuliko alivyolala.

"Kwa hiyo si uvivu," Amondi akasema. Hakuwa anauliza hasa.

"Si uvivu. Umekuwa ukifanya kazi usiku kucha. Kazi yenyewe ni kupumua."

Kisha Daktari Habibo akachukua daftari jeusi, akasoma ukurasa wa kwanza, akarudia, akauliza nani aliyeandika. Alisema wazazi wengi humwambia yeye kwamba mtoto anakoroma tu, na wengine hufurahi wakidhani amelala fofofo. Hakuwahi kuletewa mtu aliyehesabu ule ukimya.

Phelister alitaka kujua kama kifaa cha meno kitamponya. Daktari hakumwahidi hivyo. Alisema si kila mtoto anayekoroma anakihitaji, na wengine tiba yao ni nyingine kabisa; ndiyo maana hupimwa kwanza. Lakini kwa taya jembamba kama hilo, na kwa umri wa Amondi ambao mfupa wa kaakaa bado haujashikana kabisa, kuna matumaini mazuri.

Kifaa chenyewe kilikuwa chuma kidogo kilichokaa juu ya kaakaa, kikishikwa na magego ya pande mbili, na katikati yake kulikuwa na skrubu. Kila siku mama yake alipotoka kiwandani alichukua ufunguo mdogo kama pini, akauingiza kwenye skrubu, akauzungusha mara moja, hakuzidisha hata kidogo. Kiliuma kwa dakika chache, kama kiatu kipya. Wiki ya kwanza Amondi alitema mate kila alipotaka kusema "samosa", na Bedan alimwomba aiseme mara nyingi. Wiki ya tatu pengo lilifunguka katikati ya meno yake ya mbele. Tiffany alidai basi lingeweza kupita. Daktari alikuwa amewaonya kuhusu pengo hilo. Lilionyesha kwamba taya linapanuka, na baadaye lingejifunga.

Gharama wasingeiweza peke yao. Wapangaji walichanga, na aliyezunguka mlango kwa mlango akiwa na kikapu alikuwa Mama Shiru, ambaye hakuondoka mlangoni kwa mtu mpaka kikapu kiguswe. Mureithi alilitazama jambo la ufunguo kwa wivu fulani. Alikuwa na funguo sitini na nne za jengo zima kiunoni, na ule mdogo kuliko zote haukuwa wake.

*

Mabadiliko hayakuja siku moja. Yalikuja kama maji ya Kware, kidogo kidogo na kwa saa zisizojulikana. Asubuhi moja Amondi aliamka mwenyewe, na mama yake alipoingia na kitambaa cha maji baridi hakujua akipeleke wapi, akapangusia meza. Kichwa kilianza kuacha kumgonga. Siku nyingine Mwalimu Luseno alifundisha desimali kipindi kizima, na alipogeuka kutoka ubaoni alikuta macho mawili yanamtazama kutoka dawati la mbele. Alishtuka akasahau alikofika. Baada ya kipindi alimwomba Amondi radhi mbele ya darasa, kwa kumdhania, na akamwambia sasa anaweza kurudi nyuma akitaka. Amondi alisema pale mbele pamemzoea.

Kifaa kilipokuwa kimekaa mdomoni karibu miezi saba, alipimwa usingizi tena. Daktari Habibo alisoma karatasi akasema kukatika kwa pumzi kumepungua sana, kumebaki mara chache tu, na kwamba ataendelea kumwangalia mpaka akue.

Siku waliyorudisha daftari, Mureithi aliwaita wapangaji uani, ingawa hakukuwa na kesi. Maboksi ya Phelister yalikuwa yamekwisha rudi kiwandani zamani. Mureithi alivaa miwani akasoma alichoandika wiki hiyo kwenye karatasi nyingine, kwa kuwa aliendelea kukaa karibu na shimo la hewa.

"Jumatano. Nimesikiliza hadi saa nane usiku. Nimesikia maji. Nimesikia paka. Mashine, kimya. Alhamisi, vivyo hivyo."

Mzee Obura alinung'unika kwamba yeye sasa hapati usingizi, lakini hakuna aliyemjali.

Mureithi alivua miwani. Alisema yeye si mtu wa hotuba, kisha akatoa hotuba, ila fupi. "Mashine ikizimazima, tunaita fundi siku hiyo hiyo. Huyu mtoto alikuwa akizima na kuwaka karibu na masikio yetu mwaka mzima. Hapa jengoni aliitwa mwizi wa stima, na shuleni mvivu. Mimi mwenyewe nilihesabu hadi kumi na nne, nikaandika, nikaenda kulala. Watoto, mkiona mwenzenu anakoroma kila siku, analala mchana, anaamka kichwa kikimuuma, msimpe jina. Mwambieni mtu mzima. Na wewe unayekoroma usifiche, kwa kuwa kinachofichwa hakitibiwi. Amondi alisema mbele ya watu arobaini, wakamcheka, na ndiyo sababu leo yuko hapa akiwa macho."

Watu walipiga makofi. Amondi alitabasamu na lile pengo lake, lililobaki sasa la kupitisha uzi tu.

Tiffany hakupiga makofi. Alikuwa na daftari lake mkononi, la hesabu, lililobaki kurasa chache. Tangu dada yake apone, alikuwa amezoea kuamka usiku na hana wa kumtikisa, kwa hiyo alikuwa amejitafutia kazi. Alinyoosha mkono kama darasani, na Mureithi akamruhusu.

"Jumatano, saa nane na nusu usiku," Tiffany akasoma. "Chumba namba moja, chini, cha msimamizi, baada ya yeye kutoka kwenye kigoda kwenda kujinyoosha. Imewaka. Imenguruma dakika tatu. Imezima. Nimehesabu hadi kumi na moja."

Mureithi aliwatazama wapangaji, na wapangaji wakamtazama.

"Daktari Habibo alisema hata watu wazima hupimwa," Amondi akamwambia kwa upole.

Mureithi aliomba lile daftari. Alisoma ukurasa wote, akasahihisha tarakimu moja iliyoandikwa vibaya, akatia sahihi chini. Jumatatu asubuhi alionekana kwenye foleni ya kituo cha afya, funguo sitini na nne kiunoni, na daftari la hesabu la gredi ya tatu chini ya kwapa.